Mkono Ulioichukua Chupa

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote. Amma baad:

Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani kwa kuzaliwa, ambaye sasa maskani yake ni Free Area, mjini Nakuru. Kwa wasomaji wetu wasioijua bara, Free Area ni mtaa ulioko kando ya njia kuu itokayo Nairobi, kabla msafiri hajauingia mji wa Nakuru wenyewe, na malori yaendayo Uganda hupita hapo usiku na mchana. Wakaao hapo ni watu wa makabila na dini mbalimbali, ukuta kwa ukuta, wala Muislamu hana mtaa wake peke yake kama tulivyozoea sisi katika miji yetu ya kale. Twayataja haya kwa kuwa swali lenyewe limezaliwa na ujirani huo, na asiyeujua atakuwa mwepesi wa kuhukumu.

Ndugu yetu huyu ni baharia katika meli za watalii, zile meli kubwa zizungukazo bandari kwa bandari kwa ajili ya starehe. Kazi yake humo ni ya udobi: hufua na kupiga pasi mashuka na taulo za maelfu ya abiria. Hukaa baharini miezi minane au tisa, kisha hurudi kwake kwa ndege. Atwambia kwamba hanywi, hajapata kunywa, na wala hauzi vinywaji melini. Nasi twamsadiki.

Sasa kisa chenyewe. Usiku mmoja yeye akiwa safarini, mamake mzazi, anayekaa naye Free Area, alishikwa na maradhi ya moyo. Mkewe akabisha mlango wa jirani. Jirani huyo ni Mkristo. Alitoa gari yake saa nane za usiku, akampeleka mama hospitali, akakaa naye hata kukapambazuka, na senti ya mafuta hakuipokea. Mama akapona kwa uwezo wa Mungu. Siku baharia aliporudi na kwenda kutoa shukrani, jirani akamwambia kwa furaha: "Mimi sitaki kitu. Lakini ukirudi safari nyingine, niletee chupa moja ya wiski nzuri ya huko. Nina posa ya mwanangu." Akampa na fedha zake.

Ndugu yetu asema kwamba neno la kukataa lilimkwama kooni. Alipomaliza mkataba aliinunua chupa ya lita moja, akaiviringisha kwa taulo, akaitia katikati ya nguo zake ndani ya sanduku, na juu ya yote akaifunga kwa kanzu yake ya Ijumaa ili isigongwe. Ikafika salama. Posa ikapita, jirani akashukuru sana.

Safari ya pili jirani alitaka tena, na ndugu wa jirani naye akataka yake. Sheria ya forodha ya Afrika ya Mashariki, ya mwaka 2004, humruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia na pombe kali isiyozidi lita moja, au mvinyo usiozidi lita mbili, bila ya kutozwa ushuru. Lita moja ya ndugu yetu ilikuwa imeshapata mwenyewe. Lakini katika meli ile mna kijana wa Kiislamu, mtoto wa Lamu, wa miaka ishirini na miwili, naye alikuwa akirudi kwa ndege ile ile. Kijana hanywi, basi lita yake ilikuwa haina kazi. Akaombwa aichukue chupa ya pili, akaichukua, akapewa kitu kidogo cha ahsante.

Safari ya tatu hakuombwa. Mwenyewe alikuja akauliza: "Ami, lita yangu ni ya nani mara hii?"

Katika safari hiyo ya tatu chupa moja ilipata ufa shingoni, na wiski ikaingia katika kanzu. Chupa ya pili ilifika nzima, na mpaka leo imo kabatini mwa ndugu yetu, Free Area, kwa sababu mwenyewe amekwenda Eldoret na hajarudi. Ndugu yetu atuuliza maswali mawili. La kwanza: kanzu ile, akishaifua, yafaa kuswalia? La pili: chupa ile iliyomo kabatini aifanyeje?

Khabari ya yule kijana aliitaja kwa mstari mmoja tu, kupita njia, wala hakuuliza neno juu yake. Sisi tulipoisoma barua ile katika darsa yetu, ule mstari mmoja ndio uliotukalisha mpaka Isha.

Tuanze na aliloulizia. Wanavyuoni walio wengi, na miongoni mwao ni Imamu wetu Shafi, wamesema kwamba pombe ni najisi. Wako waliosema kuwa ni haramu lakini si najisi, kama Rabia, sheikh wake Imamu Malik, na Laith bin Saad wa Misri, na Muzani mwanafunzi wa Shafi. Sisi twaifuata kauli ya walio wengi. Basi kanzu ile ifuliwe kwa maji safi mpaka iondoke ladha na rangi na harufu. Na harufu ikibakia baada ya kujitahidi na ikawa yashinda kuondoka, hiyo imesamehewa. Kisha avae na aswali, wala asiwe na wasiwasi. Mtu ambaye kazi yake ni udobi wa maelfu hawezi kushindwa na kanzu moja.

Lakini ndugu yetu, na kila asomaye waraka huu, yatupasa tujiulize: ni kwa nini tumefundishika hata tukawa twaogopa tone lililoingia nguoni, na hatuogopi chupa nzima iliyokuwa mkononi? Ingefika salama kanzu ile, barua hii isingaliandikwa. Chupa tatu zilikwisha pita kabla yake, na ile ya nne nzima ikapumzika kabatini, na moyo haukushtuka. Ulishtushwa na doa. Hili si kosa la ndugu yetu peke yake. Ni kosa la masomo yetu. Tumewasomesha watoto milango ya tohara miaka na miaka, nasi tukafanya vema, lakini hatukuwafikisha katika milango ya mali, na ajira, na kusaidiana. Mtoto atoka chuoni ajua maji kiasi gani hayaharibiki kwa najisi, wala hajui afanye nini akiombwa na mtu aliyemtendea wema amchukulie kitu cha haramu.

Tuzitazame sasa nyudhuru zilizomo katika barua, maana ni nyudhuru za wengi.

Udhuru wa kwanza: "Mimi sinywi." Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90, ameiita pombe uchafu katika kazi za shetani, na akatuamrisha tujiepushe nayo. Kujiepusha ni zaidi ya kutokunywa. Na katika khabari iliyopokewa na Tirmidhi na Ibnu Majah kutoka kwa Anas, Mtume (S.A.W.) amewataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe, na mnywaji ni mmoja tu katika hao kumi. Yumo mwenye kuikamua, yumo muuzaji, yumo mnunuzi, na yumo mwenye kuichukua pamoja na mwenye kuchukuliwa. Si vigumu kuona hekima yake. Pombe haina miguu. Yatoka mbali mpaka ifike mezani kwa mtu, na kila hatua kati ya hizo ni mkono wa mtu aliyesema, "Mimi nachukua tu."

Iko pia khabari katika Sahihi ya Muslim, kutoka kwa Ibnu Abbas, inayokifanana kisa chetu mno. Mtu mmoja alimletea Mtume zawadi ya kiriba cha mvinyo, hana khabari kwamba umekwisha haramishwa. Alipoambiwa, alimnong'oneza mtu mwingine akauze. Mtume akamfahamisha kuwa aliyeharamisha kuunywa ndiye aliyeharamisha kuuza. Yule mtu akakifungua kiriba, akaumwaga wote. Tazameni: alikuwa ameubeba kwa mapenzi, tena kwa kumpenda mbora wa viumbe, na wala hakukemewa kwa mapenzi yake. Lakini mapenzi hayo hayakuugeuza mvinyo ukawa kitu kingine.

Haki ya elimu ni kueleza na kauli ya upande wa pili. Imamu Abu Hanifa alionelea kuwa Muislamu aliyekodiwa na asiyekuwa Muislamu kumchukulia pombe, ujira wake unafaa, kwa kuwa kuchukua si kunywa, na yamkini ikachukuliwa ili ikamwagwe au igeuzwe siki. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan, waliukataa ujira huo. Na katika madhehebu yetu haifai kukodiwa kuichukua ila kwa kwenda kuimwaga. Twaitaja kauli ya Abu Hanifa kwa adabu, ili mtu asidhani kwamba jambo hili halikupata kufikiriwa. Walakini mwenye kuishika naajiulize: je, chupa ile iliyofungwa kwa taulo na nguo na kanzu, ilindwe isivunjike njiani, ilikuwa ikienda kumwagwa?

Udhuru wa pili: "Serikali imeniruhusu." Huu ndio udhuru wa zama zetu. Nasi twasema: serikali haikumruhusu Muislamu kunywa wala kuchukua; imesema tu kwamba haitamtoza ushuru. Kuacha kutoza si kuhalalisha. Tazameni mfano wa karibu. Katika Kenya chang'aa ilikuwa marufuku kwa sheria mpaka mwaka 2010, ilipopitishwa sheria mpya ya vileo ambayo watu wameizoea kwa jina la Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, katika Bonde hilo hilo la Ufa. Sheria hiyo ilizipunguza saa za baa na ikakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, na papo hapo ikaiondoa ile marufuku ya chang'aa na kuitia katika masharti. Basi kama kipimo cha halali na haramu ni ruhusa ya serikali, ingekuwa mnywaji wa chang'aa alilala na dhambi, akaamka hana. Hakuna Muislamu asemaye hivyo.

Tena sheria yenyewe, mtu akiisoma kwa uaminifu, haimpi udhuru anaoudai. Msamaha ule wa ushuru ni wa vitu vilivyo mali ya msafiri mwenyewe, kwa matumizi yake na ya nyumba yake. Chupa ya jirani, iliyonunuliwa kwa fedha za jirani, si mali ya baharia. Na chupa ya ndugu wa jirani ndani ya sanduku la kijana wa Lamu si mali ya kijana. Kila walipopita mbele ya watu wa forodha walikuwa wakisema kwa vitendo: "Hii ni yangu mimi." Muislamu asiyekunywa alikuwa akijishuhudia mwenyewe, mbele ya watu, kwamba ni mnywaji, tena ushuhuda wa uongo. Basi aliyekimbilia sheria ya serikali ameikuta nayo pia yamshitaki.

Udhuru wa tatu ndio mzito, nasi hatuupuuzi: "Jirani alinitendea wema." Naam, na wema wake ulikuwa mkubwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 36, ametuusia jirani wa karibu na jirani wa mbali, na katika Sura ya Al-Mumtahina, aya ya 8, hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini yetu. Mtu aliyeacha kitanda chake saa nane za usiku kwa ajili ya mama wa mwenziwe ana haki juu ya mwenziwe huyo, na anayedhani haki hiyo yapungua kwa kuwa jirani ni Mkristo hajaifahamu dini yake. Fadhila ya punda ndiyo mateke. Ya binadamu siyo.

Lakini tuulize: je, baharia alimwambia jirani wake hata mara moja, kwa upole, "Ndugu yangu, omba kitu kingine chochote, hiki dini yangu hainiruhusu kukishika"? Barua yasema kuwa hakumwambia. Aliona haya. Na sisi twaona kwamba katika haya hiyo mna kumdhania jirani vibaya. Mtu aliyetoa gari yake usiku, kwa nini tumdhanie kwamba angekasirika kwa neno hilo? Jirani yule aliomba kwa kutokujua. Yamkini angalisikitika kwamba alimwomba Muislamu jambo zito kama hilo. Na yamkini katika kanisa lake mwenyewe wamo watu wasiokunywa, na neno hilo amelisikia mara nyingi. Ndugu yetu alimficha jirani dini yake, kisha akasema kuwa ni kwa ajili ya ujirani. Ujirani wa namna hiyo una ukuta ndani yake, na ukuta huo hakuujenga jirani.

Na zilikuwako njia nyingi za kulipa wema. Mtu aliyezunguka bandari za dunia hakosi la kuleta: saa, kitambaa cha suti, kahawa. Na hata asipoleta kitu cha ng'ambo, angetoa mbuzi katika posa ile, akasimama na jirani wake siku ya furaha kama alivyosimama naye siku ya dhiki. Wala hatudhani kuwa kuna mzazi katika Bonde la Ufa ambaye angeikumbuka chupa akamsahau mbuzi.

Hapa yatulazimu tuseme neno juu yetu sisi wenyewe, kwani si haki kumhukumu mtu aliyeandika kwa ukweli, nasi tukajificha nyuma ya kalamu.

Tulipokuwa na umri wa miaka ishirini na ushei, tungali tukisoma kwa masheikh zetu Mombasa, ulitupata msiba wa jamaa yetu huko Nakuru, na nauli hatuna. Tulipewa nafasi katika lori na dereva mmoja Muislamu, mtu mwema, kutoka Mombasa mpaka Nakuru, safari ya zaidi ya kilomita 600, kwa bure. Tuliposimama njiani kuswali Alfajiri, na barabara imetulia, upepo ukalipiga turubai na tukasikia chupa zikigongana ndani ya kreti. Tukajua tumekalia nini. Tukaswali, tukapanda tena. Mbele kidogo dereva akatuuliza: "Sheikh, wewe umesoma. Mzigo wangu huu una neno?" Tukamjibu kwamba Mungu ni mwingi wa kusamehe, tukaegemea dirisha, tukajifanya tumelala.

Neno tulilolisema lilikuwa la kweli, na tulilitumia kama uongo. Mtu alikuja na moyo uliofunguka, akataka kujua, nasi tukaufunga kwa sababu tulikuwa tumepanda gari yake. Hatukupata kumuona tena, wala hatujui kama aliuliza mtu mwingine baada yetu. Nauli ile hatukuilipa kwa fedha. Tuliilipa kwa fatwa. Tangu siku hiyo hatumuoni mchukuzi wa chupa kuwa mbali nasi.

Basi msomaji huenda akauliza: mpaka wa jambo hili uko wapi? Kwani pwani yetu yote imefungamana na bandari na hoteli. Mpakuzi wa Kilindini hufungua makontena asiyojua yana nini. Dereva hupewa mzigo na tajiri wake. Mwanamke hufagia vyumba vya hoteli ambamo watu wamekunywa. Baharia wetu mwenyewe hufua mashuka ya walevi. Je, wote hao ni katika wale kumi?

La, hatusemi hivyo, na tunamwogopa Mungu tusiwatilie watu maskini uzito ambao Yeye hakuwatilia. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijria, yaani 1262, amebainisha kwamba njia ya kufikia jambo huchukua hukumu ya jambo lenyewe, na kwamba njia zapitana kwa uzito. Basi tutazame mambo matatu. Kwanza, ujuzi: asiyejua kilichomo si sawa na ajuaye. Pili, ukaribu: anayefua shuka hakumsaidia mtu kunywa, lakini anayeifikisha chupa mkononi mwa mnywaji amefanya hasa lile ambalo kunywa hakuwezekani bila yake. Tatu, uwezo wa kukataa: mwenye watoto ambaye akiuacha mzigo ule leo watalala na njaa, huyo yambidi atafute njia nyingine kwa bidii, na Mungu aijua dhiki yake, lakini anayefanya kwa hiari, ili asione haya tu, hana dhiki ya kudai.

Pimeni kisa chetu kwa mizani hiyo. Baharia alijua. Alikuwa karibu kabisa. Na aliweza kukataa kwa neno moja, asipoteze kazi wala mshahara. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia isipokuwa kwamba alikosea. Na wenye nyumba za kupangisha katika miji yetu, ambao wamempa mtu mlango kwa kujua kwamba ataufanya baa, kisha wakashika safu ya mbele msikitini, nao pia naajipime kila mmoja kwa mizani hiyo hiyo, kwa kuwa hali yao ni nzito kuliko ya baharia.

Sasa turudi kwa yule kijana wa Lamu. Mara ya kwanza aliombwa. Mara ya pili aliuliza mwenyewe. Wahenga wamesema mchovya asali hachovyi mara moja. Tokea melini mpaka nyumbani amejifunza kwamba dini yake ya kutokunywa ina bei: ile lita asiyoitumia aweza kuipatia kitu. Kutokunywa kwake, kulikokuwa ibada, kumegeuka kuwa nafasi tupu ndani ya sanduku, ya kukodishwa. Na aliyemfundisha ni mtu anayemwita ami, anayemuona akiswali, ambaye kijana kama yeye, mbali na mamake na babake, humtazama kuwa ndiye kipimo. Kama baharia angekuwa mlevi, kijana asingalimfuata. Alimfuata kwa sababu ni mcha Mungu. Hili ndilo lililotukalisha mpaka Isha.

Basi hii ndiyo jawabu yetu kwa ndugu yetu, nayo tumeifupisha.

Chupa iliyomo kabatini asiimwage. Tunajua wako watakaoshangaa kusikia hivyo. Lau ingekuwa mali yake angeimwaga leo hii. Lakini imenunuliwa kwa fedha za mtu asiyekuwa Muislamu, ambaye katika dini yake haoni kuwa ni haramu, naye aliziweka kwake kwa kumwamini. Na Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu tunachosomeshwa pwani yote, amebainisha kwamba pombe ya dhimmi asiyeidhihirisha haimwagwi, na ikiwa bado iko hurudishwa kwake. Kuivunja mali ya jirani mwema kisha tukaiita kazi hiyo uchamungu ni kulifunika kosa kwa kosa. Ampigie simu mwenyewe. Aje aitoe nyumbani kwa mkono wake, au amtume mtu wa dini yake, wala asikawie, kwani nyumba ile mna watoto. Na ile iliyovuja, amrudishie mwenyewe fedha zake, kwani ugomvi wa fedha haufai kuwa mwisho wa ujirani huu.

Siku atakapokuja, ndugu yetu amweleze yeye na jirani pamoja, kwa uso mkunjufu, kwamba hii ndiyo ya mwisho, na ni kwa sababu gani, na kwamba alifanya vibaya kutowaeleza tangu mwanzo. Asiwahubirie juu ya kunywa kwao. Hilo sasa si mahali pake. Aseme juu ya mkono wake mwenyewe. Na wema wa usiku ule asiusahau: autafutie malipo ya halali, makubwa kuliko chupa.

Kisha amtafute kijana. Hili ndilo gumu, nalo ndilo la lazima kuliko yote. Toba ya mtu aliyekosa peke yake yaweza kuwa baina yake na Mola wake. Lakini aliyemwonesha mwingine njia hana budi arudi ampe khabari kwamba njia ile siyo. Amwambie: "Mwanangu, nilikupoteza, nami nimerudi, rudi pamoja nami." Asimkemee kwa pesa zile za ahsante, kwani yeye ndiye aliyempa. Na kijana, akiwa nazo, azitoe kwa wenye haja bila ya kutaraji thawabu ya sadaka.

Na sisi wa darsa hii tumepatana jambo moja. Tangu mwezi ujao, baada ya kumaliza mlango wa tohara, hatutaruka kama ilivyo desturi. Tutasoma na vijana mlango wa ajira na mlango wa amana, kwa lugha yao, kwa mifano ya meli na malori na hoteli, kwa kuwa humo ndimo watakamoishi. Mabaharia walioko likizoni waje. Madereva waje. Na kama dereva mmoja ambaye miaka ishirini na kitu iliyopita alimpakia mwanafunzi mmoja wa chuo kutoka Mombasa mpaka Nakuru atausoma waraka huu au atasomewa, basi ajue kwamba swali lake tumelikumbuka, na jawabu ni hii: ndiyo, ndugu yetu, mzigo ule ulikuwa na neno, na ulistahili kuambiwa siku ile. Twakuomba radhi.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyachukua kwa mikono yetu na tuliyoyanyamazia kwa ndimi zetu, na awajaalie majirani zetu waone katika Uislamu wetu kheri isiyowaletea haya wala khasara. Wallahu aalam.